Nafasi ya Lori la Buluu

Mtaani walimwita Mzee Kiti. Watoto wa shule waliompita kila asubuhi hawakujua kama wazazi wake waliwahi kumpa jina jingine, na yeye mwenyewe, ukimwita kwa jina la kuzaliwa, alichelewa kugeuka. Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, mguu mmoja wa nyuma umefungwa waya, mgongo umelegea. Kilikaa barabarani kabisa, chini ya ukingo wa njia ya waendao kwa miguu, mahali ambapo mtu mwenye akili zake haketi. Hakikuwekwa pale kikaliwe. Kilikuwa kinashika nafasi.

Mtaa ule wa maduka ulikuwa koo la mji, na koo lilikuwa limeziba miaka mingi. Lori lilikuja na mzigo wa duka, likakuta mbele ya duka pamejaa magari ya watu waliokwenda kunywa chai. Dereva alisimama katikati ya njia, akawasha taa za tahadhari, akaanza kushusha, na nyuma yake mji mzima ukapiga honi. Ndiyo maana wenye maduka walimhitaji mtu wa kuwahi mahali kabla lori halijafika na kumwambia kila anayetaka kuegesha, "Pana mwenyewe hapa."

Kazi hiyo aliipata kwa ajali. Ujanani alikuwa utingo, mtu wa kufunga turubai na kushusha mizigo, mpaka siku sanduku la vigae lilipomwangukia mguu, na mguu ukapona vibaya. Dereva wake hakumfukuza. Alimwambia, "Wewe kazi yako sasa ni moja. Tangulia, simama pale mbele ya duka, nikifika nikute pako wazi." Akatangulia, akasimama, na hakuondoka tena. Kwanza alisimama kwa miguu yake, baadaye akaleta kiti, kisha ndoo ya mchanga, kisha tairi bovu, ili aweze kushika nafasi tatu kwa mara moja. Walimtukana wenye magari madogo, walimtukana wenye magari makubwa, mmoja alimmwagia maji ya chupa. Alijipangusa uso akasema, "Pana mwenyewe." Hakuwahi kuuza nafasi ya mtu kwa mtu mwingine, hata alipobembelezwa. Kwa hilo anastahili heshima, na asinyimwe. Makosa yake yatasemwa mahali pake.

Mke wake alifariki mapema, akamwachia binti mmoja. Mtoto huyo alikulia kwenye kile kiti. Akitoka shule aliketi pale na kitabu magotini, ili baba apate kwenda kula. Siku moja lori la saruji lilimjia, likapiga honi mpaka wenye maduka wakatoka nje. Binti alifunga kitabu, akasimama, akakunja mikono. Lori lilisimama karibu naye kiasi kwamba angenyoosha ulimi angeonja vumbi la bampa. Baba yake alikuja mbio na mguu wake mbovu, roho mkononi.

"Kwa nini hukupisha, mama? Ungekufa!"

"Si ulisema pana mwenyewe?"

Habari hiyo Mzee Kiti aliisimulia kwa kila aliyekuwa na masikio, mpaka fundi viatu aliyefanya kazi ng'ambo ya barabara akamwomba aibadilishe kidogo, walau rangi ya lori.

Ndipo manispaa ilipoamua kuzibua koo. Waliitwa wenye maduka wote, na Mzee Kiti naye akaitwa, katika ukumbi wa ghorofani uliotazama mtaa. Afisa aliyewaeleza alikuwa mama mpole, mwenye sauti ndogo kuliko jambo alilolileta. Alisema mambo mawili. La kwanza: mbele ya maduka patapakwa rangi ya manjano, patakuwa mahali pa kushushia mizigo tu, na mwenye duka ataomba saa yake kwa simu, akitaja namba ya gari litakaloleta mzigo. Gari lisilo na saa yake haliingii. Mzee Kiti atavaa koti la manjano na kulinda mahali hapo, kwa mshahara wa manispaa. Aliposikia hivyo alijinyoosha kitini kama bwana harusi.

La pili hakulisikia. Afisa alipoanza kulieleza, Mzee Kiti alikuwa amechungulia dirishani akaona teksi inajipenyeza pale alipoacha kiti chake. Alishuka ngazi, akaitimua, akapanda tena akihema, akakuta watu wanapiga makofi. Akapiga naye. Angeweza kuuliza jirani yake walikuwa wanashangilia nini. Hakuuliza. Mtu aliyekula umri wake wote ukingoni mwa barabara aliona aibu kuulizia habari za ukingo wa barabara, na aibu ya namna hiyo ni kiburi kilichovaa nguo za heshima.

Hayo yakapita. Rangi ikapakwa, koti likaja, tena na simu ya kumwonyesha kila saa ni ya gari lenye namba gani. Akaipenda kazi. Kitu kimoja tu kilimsumbua, naye hakukisema: zamani alishika nafasi kwa sababu gari lilikuwa njiani, sasa alishika nafasi kwa sababu simu imesema.

Binti yake alikuwa amekua, akawa mwokaji wa mikate. Kwa muda mrefu alioka nyumbani, kwenye oveni ndogo iliyounguza upande mmoja. Mwishowe, mkutano wa ukumbini ukiwa umekwisha pita, alipata chumba cha biashara mtaa ule ule, na mwalimu mkuu wa shule ya bweni akakubali ampelekee mikate ya wanafunzi kuanzia kesho yake asubuhi. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa neno moja. "Kesho ikipita bila mkate," alimwambia, "namrudia yule wa zamani, na hatutajuana tena." Oveni kubwa ilikuwa imenunuliwa, ingefika siku hiyo. Fundi wa kuiunga alikuwa amekwisha fika na gari lake la vifaa, ameliegesha uchochoroni nyuma ya duka, na alisema wazi kwamba mchana ana kazi kwingine.

Asubuhi hiyo baba na binti walikutana mbele ya mlango wa duka.

"Nafasi umeiombea saa ngapi?" baba aliuliza.

"Nilitaka saa moja tu, baba. Wewe ndiye uliyeniambia nichukue zote mpaka saa sita."

"Ndiyo. Malori yanachelewa. Chukua zote, mtu asikuingilie." Alisema hivyo kwa raha ya mtu aliyewahi basi akaweka mkoba kwenye viti vitatu. "Namba ya lori?"

"Aliyeniuzia alinipa. Ni lori la buluu, ubavuni lina picha ya jiko." Akamtajia namba, naye akairudia mara kadhaa kwa midomo tu. "Baba, leo ndiyo leo. Oveni isipoingia mimi sina duka, nina chumba cha kufagia."

"Mama, mimi nimeshikia watu wasionijua nafasi. Nitashindwa kukushikia wewe? Kawashe moto."

"Moto wenyewe uko ndani ya lori."

"Basi kaandae unga!"

Akachukua ufagio, akafagia lile eneo la manjano mwanzo hadi mwisho, akaweka kiti katikati. Afisa alikuwa amemwambia kiti hakihitajiki tena, koti linatosha. Lakini koti alilivaa, kiti akakiweka.

Hakikuja chochote. Kisha kikaja kigari cha magurudumu matatu, kimefungwa sanduku kubwa nyuma, kinaendeshwa na msichana mwenye kofia ya chuma. Kikapunguza mwendo, kikageuza pua kuingia. Mzee Kiti akanyoosha kiganja.

"Pana mwenyewe."

"Nashusha tu, mzee wangu. Sikai."

"Kila mtu hakai. Una saa yako?"

"Sisi hatuombi saa. Sisi ni wa ghala."

"Na mimi ni wa angani? Zunguka, mwanangu, usinitie majaribuni asubuhi."

Msichana alimtazama kama mtu aliyeelezwa habari kwa lugha ya viziwi, akazunguka. Mzee Kiti akaketi, ameridhika. Miaka yote alikuwa amesikia mengi: nina mgonjwa, nina samaki anaoza, mimi ni shemeji yake mwenye duka. La kuwa mtu wa ghala lilikuwa jipya, akampa msichana alama zake kwa ubunifu.

Ng'ambo, fundi viatu alikuwa anagonga kisigino. "Mzee Kiti, hapo unalinda nini?"

"Lori la binti yangu."

"Mimi naona unalinda hewa. Ila ni hewa safi, umeifagia vizuri."

Kwa kuwa nafasi ile ilikuwa imezuiwa asubuhi nzima, mengine yakaanza kuonekana. Gari lililoleta nguo lilikosa pa kusimama likasimama njiani. La maji ya chupa likasimama nyuma yake. Honi zikaanza moja moja, kisha kwa pamoja. Mzee Kiti aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Barabara ilikuwa imejaa pomoni, na pale alipokaa palikuwa peupe kama kiganja. Kitu fulani hakikukaa sawa kichwani mwake. Zamani nafasi zilipokosekana, zilikosekana kwa sababu zimejaa. Alijaribu kulifuata wazo hilo mpaka mwisho, likamponyoka.

Binti alitoka mlangoni, mikono ina unga, simu sikioni. "Baba, hawa wananichanganya. Yule muuzaji anasema mzigo ulishatoka kwake tangu jana."

"Tangu jana? Lori linatoka jana linakuja kwa magoti?"

"Na simu imeniletea ujumbe. Ona. 'Mzigo wako umefika mtaani kwako.'"

Wote wawili wakautazama mtaa. Wakaanza juu, wakashuka chini. Palikuwa na gari la nguo, la maji, teksi, pikipiki, mwanamke amebeba godoro kichwani. Lori la buluu halikuwepo. Mzee Kiti hata aliinama akatazama chini ya lile gari la maji, kisha akajiuliza mwenyewe alitarajia kuona nini.

"Labda ni mtaa mwingine," alisema.

"Imeandikwa mtaani kwako, baba. Kwangu ni wapi kama si hapa?"

Akarudi ndani anapiga simu nyingine, na baba akasikia akisema, "Hapana, sijapokea. Hapana. Nasema si-ja-po-ke-a."

Kigari kikarudi. Kilikuwa kimejipenyeza katikati ya honi, na msichana alikuwa amevua kofia, uso umelowa jasho.

"Mzee, shikamoo tena. Nisikilize. Nina mizigo ya maduka ya mtaa huu huu. Tunaunganisha ya maduka mengi kwenye gari moja, ili malori yasiingie." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Nina vitambaa vya duka la kona. Nina dawa za duka la dawa. Nina vioo vya kinyozi. Nina ..."

"Binti!" Mzee Kiti alisimama. "Hata ukiwa na mizigo ya mtaa mzima na paa zake, nafasi hii ina namba, na namba si yako. Unataka nikuonyeshe?" Akamwonyesha simu yake ya manispaa. "Soma. Hiyo ndiyo inayoingia. Wewe huna."

"Lakini mzee, pako wazi."

"Pako wazi kwa sababu nipo."

Alilisema vizuri, hata fundi viatu akasimamisha nyundo kulisikiliza. Kidole cha nne cha msichana kilikuwa bado kimesimama hewani, hakijatajiwa kitu. Akakikunja, akavaa kofia, akaondoka. Neno moja tu lilibaki, na mtu mwenye masikio mawili mazima alilikataa. Mtu anayelinda mali ya mwingine ana wajibu wa kumsikiliza anayebisha hodi mpaka mwisho, hata kama amechoka kusikia hodi. Mzee Kiti alikuwa mwaminifu kwa lori asiloliona, akawa jeuri kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Mara ya tatu kigari hakikumfikia. Kilikwama nyuma ya gari la maji, na alichoona ni kofia tu na mkono unaopunga. Akapunga naye kwa mkono wa kukataa.

Saa sita ikagonga. Kwenye simu yake ile namba ikafutika. Alikitazama kiti, akaitazama barabara. Lori la buluu halikuja. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, mwenyewe hakutokea. Alihisi kama mtu aliyesimama kituoni akiwa na maua, na basi limekwisha ondoka na abiria wake wote.

Binti alitoka taratibu. Hakuwa na simu sikioni sasa, alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Baba. Wamerudisha."

"Nani? Nini?"

Akasoma: "'Mzigo wako umerudishwa ghalani. Sababu: hakukuwa na nafasi ya kushushia.'"

Chini ya miguu yao palikuwa na nafasi pana, ya manjano, imefagiwa, haina hata ganda la pipi.

"Hakukuwa na nafasi," baba alirudia. "Hii ni nini?"

"Mimi ndiye nakuuliza wewe."

"Si nimekaa hapa tangu alfajiri? Nimetoka? Uliza fundi viatu kama nimetoka!"

"Hajatoka," fundi viatu alijibu ng'ambo. "Ningependa kusema ametoka, ingekuwa afadhali kwake."

Binti aliibonyeza namba iliyokuwa chini ya ujumbe, akaweka sauti wazi. Ikapokelewa na sauti ya msichana, na kelele za barabara nyuma yake.

"Dada, pole. Nilikupigia mara nyingi, kila nikipiga unazungumza na mtu mwingine. Oveni yako ninayo hapa, ipo vipande vipande kwenye maboksi. Nimekuja mara tatu. Kuna mzee pale, ana koti la manjano na kiti. Hataki. Nilikuwa namtajia maduka, kabla sijafika kwako akanifukuza."

"Lori la buluu je?"

"Lori haliingii mjini siku hizi, dada. Linaishia ghalani. Sisi ndio tunaomalizia, na sisi hatuombi saa, tunaingia popote penye manjano pakiwa wazi. Si walitangaza pale ukumbini?"

Mzee Kiti aliinua macho kutazama ghorofani. Aliuona ule ukumbi, dirisha, teksi, ngazi. Alisikia yale makofi aliyoyapiga.

Binti hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alisema tu, "Baba, mpaka saa hii nilikuwa nakuombea dua lori lisikukute umechoka," kisha akaingia ndani, akaketi juu ya gunia la unga.

Kichwa kilimzunguka mzee. Alitaka kujua kosa lilianzia wapi, ili alikamate shingo. Kushika nafasi? Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kufuata namba? Ndivyo alivyoagizwa. Kumpenda mwanawe? Kila alipolishika jambo moja aliliona jema, na yote yakiwa pamoja yalikuwa yamemfukuzia mwanawe riziki mlangoni. Hakuelewa. Ila alijua mahali ghala lilipo, nje kidogo ya mji, penye mzunguko mkubwa. Akachukua kiti chake kwa mazoea, akaanza kutembea.

"Unakwenda wapi na samani?" fundi viatu aliuliza.

"Ghalani," alijibu bila kugeuka.

Mguu ulimuuma njia nzima. Ghala lilikuwa refu, lina milango mingi, na mbele ya kila mlango malori makubwa yalikuwa yametulia kama ng'ombe wanaokamuliwa. Huku yakitolewa mizigo, upande wa pili vigari vya magurudumu matatu vilijazwa vikaondoka. Katikati ya malori aliliona la buluu, lenye picha ya jiko ubavuni. Akasimama mbele yake. Namba ilikuwa ile ile. Alikuwa ameishika kichwani asubuhi nzima, nayo asubuhi nzima ilikuwa imeegesha hapa, haina habari naye. Akagusa bampa kwa kidole, asijue kwa nini.

Msichana alikuwa ameketi kwenye ngazi anakula. Alimwona, akaacha kutafuna.

"Huyo," alimwambia mwenzake. "Ndiye huyo. Mpaka na kiti!"

"Ni mimi," Mzee Kiti alisema. "Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kukuomba kitu. Anza na unalotaka."

"Kwanza niambie. Kwa nini hukunisikiliza?"

"Nilidhani nakujua. Watu kama wewe nimewaona wengi."

"Watu kama mimi tumeanza kazi juzi, mzee."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akamwambia habari ya shule, ya mwalimu mkuu na ya fundi wa oveni, bila kutia chumvi. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, na hilo nalo lilimchoma.

"Mizigo iliyorudi hutoka kesho," alisema. "Ila safari yangu ya mchana ni mtaa wa pili kutoka kwenu, na yale maboksi bado sijayashusha. Nikipita kwenu sivunji kitu. Tatizo ni kwamba pale kwenu kuna mzee."

"Hayupo. Si huyu hapa?"

Msichana alicheka akiwa hajataka kucheka. "Panda. Hicho kiti kifunge nyuma."

Walipokata kona ya mtaa walikuta honi. Njia ilikuwa imesimama. Mzee Kiti alijiinua akachungulia juu ya magari, na alichokiona kilimfanya ashike ukingo wa kigari kwa mikono miwili. Kwenye lile eneo la manjano, peke yake, alisimama binti yake na aproni yenye unga, mikono ameikunja. Mbele yake vilikuwa vimesimama vigari viwili vya magurudumu matatu, madereva wake wanamlalamikia, na nyuma ya vigari hivyo mji wote.

Akashuka, akachechemea mpaka pale.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakushikia nafasi," binti alisema. "Fundi viatu aliniambia umetoka na kiti umeelekea ghalani. Nikajua ukirudi na oveni utakuta wameingia wengine."

"Hawa ni wa ghala. Wana haki ya kuingia."

"Najua. Ndivyo walivyosema." Akawatazama wale madereva, akamtazama baba yake. "Lakini pana mwenyewe."

Mzee Kiti alisimama kati yao, hajui acheke au alie. Mtoto wake alikuwa amefanya lile lile alilokosea yeye asubuhi, na moyo wake ulikuwa umejaa fahari, na barabara ilikuwa imeziba. Aliviangalia vile vigari. Akaliangalia eneo la manjano. Lilipakwa kwa kipimo cha lori moja. Akapiga hatua kulipima, mguu mzima na mguu mbovu, akarudi akapima tena, maana hakuamini.

"Sogea, mama," alisema. "Vinaingia vyote."

"Vyote vitatu?"

"Sogea."

Akaviingiza kwa mkono, kimoja nyuma ya kingine: njoo, njoo, kata, hapo hapo. Vikaenea, na nyuma yao magari yakaanza kutembea. Alijua kuelekeza lori lirudi nyuma mahali ambapo mtu hawezi kupitisha baiskeli, lakini hakuwa amewahi kufikiri kwamba katika nafasi ya mmoja wanaweza kuingia watu watatu.

Maboksi yakaingizwa dukani. Fundi wa oveni hakuwa amekwenda popote, kwa sababu gari lake lilizibiwa uchochoroni na foleni ya asubuhi hadi mchana ule. Alikuwa amelala juu ya magunia, akaamka akinung'unika, akaanza kuunga vyuma. Kwa hiyo ile foleni aliyoisababisha Mzee Kiti ndiyo iliyomwokoa. Asijisifu kwa hilo, wala mtu asimsifu. Bahati haimsafishi mtu. Kwenye duka la dawa kulikuwa na mgonjwa aliyesubiri tangu asubuhi kitu kilichokuwa kinazungushwa mtaani ndani ya sanduku. Mzee Kiti alilijua hilo, maana jioni aliingia duka moja baada ya jingine, akasema, "Aliyeichelewesha mizigo yenu ni mimi." Kinyozi alimsamehe hapo hapo. Mwenye duka la dawa hakumsamehe, akamwambia hivyo, naye akakubali, akatoka.

Nje, harufu ya mkate wa kwanza ilikuwa imeanza kutoka mlangoni kwa binti. Kwenye manjano vilikuwa vimesimama vigari vingine, vimebanana vizuri. Mzee Kiti alikichukua kiti kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakibeba kwenda mahali pake pa siku zote. Akasimama. Akajaribu mbele ya kigari cha kwanza, pakawa padogo. Akajaribu nyuma ya cha mwisho, akamzibia mtu mlango.

"Mzee Kiti!" fundi viatu aliita. "Na hicho sasa unakiweka wapi?"

Alikishika kiti kwa mikono miwili, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kwa kweli hakujua.